Folio ya Thelathini na Mbili

Mimi ni wa masjala. Wizarani, Posta, ghorofa ya chini,
chumba chenye feni moja inayozunguka kwa hiari yake.
Misitu ya nchi nzima imelala kwenye rafu zangu,
imefungwa kamba za katani,
kila mmoja na namba yake na vumbi lake.

Msitu wa Kinyambwe niliupokea ukiwa mwembamba:
barua moja ya afisa misitu, Ndugu Mashombo,
mwandiko umelalia kushoto kama nyasi baada ya dhoruba.
“Nimebakiza mivule kumi na mmoja iwe miti mama.
Nimeigonga nyundo ya serikali, mmoja mmoja.
Naomba walinzi wawili na pikipiki.”

Barua ikapanda ngazi.
Ikashuka na dokezo: *Tafadhali shauri.*
Ikapanda. Ikashuka: *Nimeona. Tuzungumze.*
Sijui kama walizungumza.
Mkurugenzi alikuwa Arusha, kwenye warsha ya misitu;
msaidizi wake akaandika: *Subiri bajeti.*
Bajeti ikasomwa, tukaisikiliza redioni tukinywa chai.
Pikipiki haikutajwa.

Faili likanenepa.
Kila vuli likaota karatasi:
folio ya tisa, ya kumi na nne, ramani, nakala ya ramani,
barua ya kuuliza ramani ya kwanza iko wapi.
Nikalifungulia juzuu la pili.
Kumbe msitu unastawi, nikajisemea.

Ndugu Mashombo akaandika tena, mistari miwili:
“Walinzi bado. Miti mama imebaki minne.”
Barua iliyofuata ilihusu kiinua mgongo chake.
Hiyo niliipeleka rafu nyingine.

Kwangu ni Gongo la Mboto.
Kabla ya adhana ya alfajiri utazisikia baiskeli
zikiteremka kutoka Pugu, breki zikilia,
magunia matatu nyuma ya mtu mmoja aliyekonda.
Sijawahi kuuliza yana kibali gani.
Gesi huisha tarehe kumi na tatu,
mshahara hutoka tarehe ishirini na nne.
Asiyeijua hesabu hiyo hajaishi mji huu.

Jumapili Siwema akanipimia debe la mkaa.
Bonge moja likagoma kupasuka.
Nikaligeuza.
Ubavuni, alama: herufi mbili ndani ya duara,
na chini yake, saba.
Moto umeula mti mzima
ukauogopa muhuri.

Nilikaa chini, kwenye kizingiti. Sikulia, nisikudanganye.
Mkaa uliobaki niliupikia maharage.
Watoto walikuwa na njaa, na mimi pia.

Jumatatu nikalitia bonge lile kwenye bahasha ya kaki,
nikaitoboa, nikaifunga mahali pake,
nikaandika kwa wino mwekundu kama taratibu zinavyotaka:
*Folio 32. Mvule namba saba. Umefika wenyewe.*

Faili likapanda ngazi.
Siku nne, kimya.
Siku ya tano likashuka mikononi mwa tarishi Kidunda,
amelishika kwa ncha za vidole, mbali na shati lake jeupe.
Dokezo fupi, mwandiko mzuri:
*Faili limechafuka. Badilisha jalada.*

Nimebadilisha jalada. Mimi ni mtumishi.
Lakini masizi hayajui madaraja ya mshahara.
Yamepita folio ya thelathini na moja, ya thelathini, ya ishirini na tisa,
yanarudi nyuma taratibu kuitafuta barua ya kwanza,
na kila aliyelishika faili ameacha humo
alama ya kidole gumba:
ya msaidizi, imekokoteka pembeni;
ya Mkurugenzi, kubwa, safi, mistari yote inahesabika
kama ya kisiki;
na yangu.